Jiwe la Mwenzio Si Ubao Wako

Mtu akiingia katika nyumba ya mwenziwe asiyekuwapo, akakuta barua juu ya meza, akaandika jina lake kwa wino mzito juu ya maneno ya barua ile, watu watamwita nini? Wako watakaomwita mjinga, wako watakaomwita mwovu, lakini sidhani kwamba yuko atakayemsifu. Bali mtu huyo huyo akipanda mlima, akakuta juu ya mwamba michoro ya watu waliopita zamani, akatwaa mkaa akaandika jina lake na jina la mpenzi wake juu yake, wenzake humpiga picha na kucheka. Makala haya nimeyaandika kuwapinga watu wa namna hii, na kuwapinga zaidi watu wazima wenye elimu wanaowatafutia udhuru.

Mimi ni mwalimu. Nilifundishwa kazi hii chuoni, na sasa nasomesha historia katika shule moja ya upili iliyo magharibi ya jiji la Nairobi, upande wa kutoka Kangemi kwenda Uthiru. Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wa Kidato cha Pili kwa basi kwenda kutazama pango lenye michoro ya kale. Mahali penyewe sitapataja, kwa kuwa pango lile halina ukuta wala lango, na kulitangaza ni kulichongea. Tulifika salama, mzee wa mahali pale akatupokea na kutuonyesha yaliyokuwapo, kisha tukala chakula cha mchana, wanafunzi wakatawanyika kucheza.

Tulipokusanyika kuondoka, nilimwona yule mzee amesimama mbele ya mwamba, haneni. Juu ya mchoro mmoja wa ngao, uliochorwa kwa rangi nyeupe, palikuwa pameandikwa majina matatu kwa mkaa, na chini ya majina jina la timu ya mpira. Kijana mmoja katika wale watatu alipouona uso wa mzee aliingiwa na haya. Akatia maji katika kitambaa chake cha mkono, akakimbilia kufuta. Nilimpigia kelele aache, lakini alikuwa amekwisha kupangusa mara mbili. Mkaa haukutoka wote. Alipokigeuza kitambaa tuliona sote kwamba kilichotoka ni rangi nyeupe. Kipande cha ngao iliyokaa juu ya mwamba tangu kabla ya kuzaliwa kwa babu zetu kilikuwa kimehamia katika kitambaa cha mtoto wa shule. Mzee akasema maneno matatu tu: "Basi, mwanangu, acha."

Njiani kurudi, kijana yule alisimama ndani ya basi akanena, "Mwalimu, nimekosa, na adhabu nitaipokea. Lakini naomba kuuliza. Wale waliochora mwanzo, ni nani aliyewapa ruhusa? Wao walipochora inaitwa historia. Sisi tulipochora inaitwa uchafu. Tofauti ni nini?"

Basi zima likanyamaza kungojea jibu langu. Nami nilimjibu kama wanavyojibu walimu waliochoka: "Kaa chini." Jibu lile lilikuwa aibu kwangu, maana swali lilikuwa swali zuri, na mtoto aulizaye swali zuri hustahili jibu hata kama ana hatia. Haya yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile.

Kwanza yapasa tujue ni kitu gani kilichoharibiwa. Vijana wengi wa Nairobi husadiki kwamba mahali hapa palianza mwaka 1899, reli ilipofika kwenye maji baridi ambayo Wamasai waliyaita Enkare Nairobi. Kabla ya hapo, kwa fikira zao, palikuwa na matope na vyura. Fikira hii ni ya uongo, na uongo wake unaweza kuonyeshwa bila kwenda mbali. Barabara ya Waiyaki, wanayoipita wanafunzi wangu kila asubuhi ndani ya matatu, ina jina la Waiyaki wa Hinga. Mwaka 1890 Lugard alijenga ngome Dagoretti baada ya kupatana na mzee huyo. Mwaka 1891 ngome nyingine, iliyoitwa Fort Smith, ikajengwa Kabete. Na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa, akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Mambo hayo yalitendeka reli ikiwa haijafika, tena yalitendeka katika mitaa ambayo leo tunanunua mboga.

Nyuma ya hayo yako ya kale zaidi. Katika Kabete hiyo hiyo alizaliwa Louis Leakey mwaka 1903, mtoto wa mmisionari. Alipokuwa na umri wa miaka kama 13, alianza kuokota vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo vilivyofunuliwa na mvua katika njia na mashamba. Wazee wa Kikuyu waliviita nyembe za mizimu. Wakubwa wengi wangaliweza kumcheka, lakini mlinzi wa makumbusho ya Nairobi wa siku zile alimwambia kwamba ni kweli, baadhi ya vipande vile vimechongwa kwa mikono ya watu. Mtoto yule hakuhitaji kusafiri. Alikuwa akitembea kila siku juu ya kiwanda cha watu wa kale, kama wanavyotembea vijana wa Kabete hata leo bila kutazama chini.

Tena, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Magadi, uko uwanda wa Olorgesailie. Hapo Louis na mkewe Mary Leakey walianza kazi mwaka 1942, na mashoka ya mawe wameyaacha mengine pale pale yalipolala, ili mgeni ayaone. Mwaka 1018 haukufika, wala mwaka 18, wala hesabu yetu yoyote ya miaka haijaanza, watu wa Olorgesailie walipokuwa wakifanya kazi zao. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba watu walioishi pale yapata miaka 300,000 iliyopita walikuwa wakileta jiwe jeusi kutoka mbali, na walikuwa wakitumia mawe ya rangi, yaani udongo mwekundu na mweusi. Basi, kabla ya kuwako mji wowote duniani, na kabla ya kuwako herufi yoyote, binadamu wa nchi hii alikwisha kutamani rangi. Jambo hilo lafaa kumpa kijana wa Nairobi fahari kuliko ghorofa zote za jiji.

Katika tamaa hiyo ya rangi ndimo ilimotoka, baada ya vizazi vingi mno, michoro ya miamba. Iko Kakapel, katika Busia karibu na mpaka wa Uganda. Iko Mfangano, katika kisiwa cha Ziwa Viktoria, ambako duara jekundu limezungushwa na jeupe na jeupe likazungushwa tena na jekundu. Iko Nyero katika Uganda. Iko Kondoa katika Tanzania, kwenye mapango zaidi ya 150, penye watu wembamba warefu, twiga na pofu. Na ni Mary Leakey aliyekaa huko mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja. Iko pia katika mapango ya nchi za Wamasai, ambamo morani walioenda kula nyama faraghani waliacha alama za mifugo na ngao zao. Wengi waliochora hawakuacha kitabu, wala barua, wala kaburi lenye jina. Mwamba ndio kitabu chao, na nakala yake ni moja. Kitabu cha maktaba kikichanika, kingine hununuliwa. Mchoro ukifutika haununuliki.

Sasa nalijibu swali la kijana. Sitalijibu kwa kusema kwamba michoro ile ni takatifu kwa sababu ni ya kale. Uzee peke yake si sifa. Jalala la miaka mia ni la kale, na wizi ni wa kale kuliko jalala. Wala sitasema kwamba ukuta haupaswi kuchorwa. Kijana wa Nairobi angenicheka, kwa sababu kila siku hupanda matatu zilizopakwa rangi kwa ustadi mkubwa, na kuta nyingi za jiji zimepambwa na mafundi wenye vipawa. Mimi nawaheshimu mafundi hao.

Tena nakiri kwamba hoja ya kijana ina nguvu zaidi kuliko alivyojua mwenyewe. Angalipata habari za Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, angaliniambia kwamba askari Wareno waliochoshwa na zamu walichora merikebu juu ya kuta, na leo michoro hiyo imewekwa katika makumbusho. Angalipata habari za Kakapel, angaliniambia kwamba wafugaji waliofika baadaye walichora ng'ombe juu ya duara za watu waliowatangulia. Basi hata wao walichora juu ya michoro ya wengine! Hoja hii haipasi kukimbiwa.

Jibu langu ni hili. Askari wa Fort Jesus alichora juu ya chokaa tupu katika nyumba aliyolala yeye mwenyewe, naye hakufunika neno la mtu. Fundi wa matatu huitwa na mwenye gari, hukabidhiwa gari, na hulipwa. Mfugaji wa Kakapel alichora ng'ombe kwa sababu aliishi na ng'ombe pale. Ule ulikuwa mwamba wa maisha yake, na alizungumza nao kwa lugha ya mahali, kama mtu aongezavyo ubeti katika wimbo wa kijiji chake. Wewe, mwanangu, ulikuja kwa basi saa nne ukaondoka saa tisa. Hukuwa na la kuuambia mwamba ule ila kwamba ulifika. Jina lako lilikuwa limekwisha kuandikwa katika daftari ya shule, katika cheti cha kuzaliwa, katika simu za rafiki zako. Waliochora ngao hawakuwa na mahali pengine pa kuandikwa.

Iko tofauti ya pili, nayo ndiyo kubwa. Mfugaji yule hakujua kwamba nakala ni moja. Kwake watu wa duara walikuwa majirani wa jana, na duara nyingine zilikuwako milimani. Sisi tunajua. Tunajua kwamba wachoraji wamekwisha, kwamba rangi hairudi, na kwamba jua na mvua vinakula kila mwaka bila kusaidiwa na mkaa wetu. Mzigo wa mtu hulingana na ujuzi wake. Mtoto mchanga akimwaga maji ya mtungi wa mwisho hapigwi; mkubwa ajuaye kwamba kisima kimekauka, akiyamwaga kwa mchezo, ametenda dhambi. Ndiyo maana tendo lililo moja kwa macho ni matendo mawili kwa haki.

Nikiisha kumjibu kijana, nawageukia wakubwa, maana wao hawaulizi kwa haya kama yeye. Wao husema kwa kiburi. Husema mambo mawili.

Jambo la kwanza wanalosema ni hili: "Vitu hivyo si vyetu. Michoro ilichorwa na Watwa, magofu ya pwani yalijengwa na Waarabu, ngome ni za Wareno. Sisi kabila letu halikujenga." Maneno haya nimeyasikia katika vyumba vya walimu na ndani ya matatu, na kila niyasikiapo nahuzunika, kwa sababu nusu yake ni uongo na nusu iliyobaki ni uchoyo.

Uongo ni huu. Karibu na Malindi, ndani ya msitu, uko mji wa Gede, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na nyumba za mawe ya matumbawe, uliokaliwa kwa karne nyingi hata ukahamwa katika karne ya 17. James Kirkman aliyeuchimbua tangu mwaka 1948 alitoa kitabu mwaka 1954 akauita mji wa Waarabu. Watu wakaamini, kwa kuwa vyombo vya Kichina vilikutwa humo na maandishi ya Kiarabu yalikutwa juu ya kaburi. Lakini waliochunguza miji ya pwani baada yake walionyesha kwamba miji hii ilikua kutoka katika vijiji vya wenyeji, na kwamba Waswahili walioijenga walikuwa watu wa nchi hii waliofanya biashara na dunia. Sahani ya Kichina mezani haimfanyi mwenye nyumba kuwa Mchina. Kama sivyo, basi kila mwenye simu katika Nairobi ni mgeni! Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji wa Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Dunia imekubali kwamba Gede ni mali ya wanadamu wote, na sisi tulio karibu nao bado tunauliza kama ni wetu.

Uchoyo ni kudhani kwamba mtu huwajibika kutunza kazi ya damu yake tu. Tazama Thimlich Ohinga katika Migori, maboma ya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo wa kushikisha, kuta zake zikifika mita nne na zaidi, yenye umri wa karne tano hivi. Si watu wa kabila moja waliokaa humo. Waliojenga waliondoka, wengine wakaja, na waliokuja walitengeneza palipobomoka wakaendelea kukaa. Laiti wangalisema "si yetu," wangaliyachukua mawe yale kujengea mazizi, na mwaka 2018 pasingalikuwa na kitu cha kutiwa katika orodha ya dunia. Tazama pia Mfangano, ambako Waabasuba walizilinda duara zilizochorwa na watu wasio wa kizazi chao, wakazihusisha na mvua na amani, wakawakataza watoto kuzichezea.

Nao mfano huu haukosi hata ng'ambo. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, liko bonde lenye kuta ndefu za jiwe jekundu liitwalo Canyon de Chelly. Ndani ya kuta hizo zimo nyumba zilizojengwa na watu wa kale waliokwisha kuondoka Wanavajo walipofika. Wanavajo walipokaa bondeni hawakuyavunja magofu yale. Kwa mila zao makao ya wafu ni mahali pa kuheshimiwa na kukaa mbali napo. Wao wenyewe wakachora juu ya miamba habari zao, na miongoni mwake wamo Wahispania wamepanda farasi, wamevaa majoho. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwafukuza, likachoma vibanda vyao na kukata miti yao ya matunda, wakatembezwa kwa miguu mwendo mrefu wa mateso hata mwaka 1868 waliporuhusiwa kurudi. Bonde lile likahifadhiwa kwa sheria mwaka 1931, lakini nchi ni ya Wanavajo, na kwa kawaida mgeni hateremki chini ila akiongozwa na mwenyeji. Hebu tafakari! Watu walioonewa kiasi hicho wangalikuwa na sababu ya kusema kwamba ya wengine hayawahusu. Badala yake wanatunza magofu ambayo mababu zao hawakuyajenga. Sisi tuna udhuru gani?

Jambo la pili wanalosema wakubwa ni hili: "Jiwe haliliwi. Nchi ina njaa, vijana hawana kazi, na wewe mwalimu unalilia rangi iliyofutika." Hoja hii siidharau. Baadhi ya wanafunzi wangu huja shuleni kutoka Kawangware bila kunywa chai, na najua kwamba tumbo tupu halisikilizi historia. Lakini wenye hoja hii wamekosea hesabu. Je, mkaa uliowekwa juu ya ngao ulimshibisha nani? Majina yale matatu yalimpa kazi kijana gani? Hakuna aliyeharibu mchoro akapata unga. Huko Kondoa wako waliochimba mashimo mapangoni wakitafuta mali waliyoambiwa kwamba ilifichwa na Wajerumani. Wakang'oa udongo wenye habari za miaka maelfu, nao wakaacha mashimo nyuma yao. Uharibifu ni biashara ya hasara.

Tena si kweli kwamba jiwe halina habari ya chakula. Katika udongo ulio chini ya mwamba wa Kakapel wachimbuzi walikuta punje ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi, na mwaka 2024 walitangaza kwamba ndilo zao la kupandwa la kale kuliko yote yaliyopata kuthibitishwa katika Afrika ya Mashariki. Walikuta na wimbi pia. Mama auzaye kunde sokoni Kangemi ni mrithi wa kazi iliyokuwa ikifanywa katika nchi hii kabla ya Nabii Isa kuzaliwa. Na wakati ambapo mvua imekuwa ya kubahatisha, kujua ni mazao gani yaliyovumilia nchi hii, na kwa muda gani, ni elimu ya kumfaa mkulima. Angalitokea mtu akachimba pale kutafuta dhahabu, punje ile ingalitupwa pamoja na vumbi.

Sasa nasema neno ambalo wenzangu walimu hawatalipenda. Nani mwenye kosa? Zamani michoro na magofu yalilindwa na hofu. Mtoto wa Mfangano aliambiwa asiguse, naye hakugusa. Mijikenda waliuogopa msitu wa Gede, na msitu ukauficha mji. Kisha shule ikaja. Sisi walimu tuliwaambia watoto kwamba hofu ile ni ushirikina, kwamba jiwe ni jiwe na pango ni pango. Tukaiondoa hofu, na kwa kiasi fulani tulikuwa na haki. Lakini mahali ilipotoka hofu hatukutia kitu. Tuliubomoa ua wa miiba kabla ya kujenga ua wa mawe. Mtoto aliyesoma akawa haogopi wala haheshimu, na huyo ni hatari kuliko babu yake asiyejua kusoma. Shule imeua hofu, haijazaa heshima. Hilo ndilo shtaka langu, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Niliwapeleka watoto pangoni bila kuwafundisha hata somo moja juu ya michoro. Niliwaambia habari za nauli, maji na chakula. Kuhusu rangi, kwamba haishikwi, haimwagiwi maji, wala haifutwi, sikuwaambia neno. Kijana yule alipokimbia na kitambaa chake, alikuwa akitenda kwa wema, na wema usio na elimu ukaharibu kuliko ubaya.

Wengine watasema kwamba sheria ipo. Naam, ipo. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na kuharibu turathi zinazolindwa ni kosa la jinai. Lakini askari hawezi kusimama mbele ya kila mwamba mchana na usiku. Sheria humfikia mwovu baada ya tendo. Heshima humzuia kabla.

Basi yapasa tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kilio, kwa sababu kilio ni rahisi. Mambo haya yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mwalimu afundishe kabla ya kusafiri, si baada ya kuharibu. Jijini tunayo mahali pa kujifunzia. Yako Makumbusho ya Taifa juu ya kilima chake, yaliyofunguliwa pale mwaka 1930. Iko nyumba ya zamani ya mkuu wa mkoa, iliyojengwa mwaka 1913, ambayo leo ni Nairobi Gallery, penye vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Iko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa katika barabara ya Moi, ambayo maelfu huipita kila jioni wakielekea vituo vya matatu bila kuingia. Tangu mwaka 1996 uko pia hapa Nairobi mfuko wa kuhifadhi sanaa ya miamba ya Afrika, ambao umekusanya picha za michoro kutoka nchi nyingi za bara hili.

Pili, mwanafunzi ashike kanuni chache asizisahau. Tazama kwa macho, mikono iwe nyuma. Usiguse rangi, kwa kuwa mafuta ya kidole huila. Usimwage maji ili mchoro uonekane vizuri katika picha. Usiwashe moto pangoni. Usiokote kitu, ukikiona, kiache pale pale, umwambie mlinzi. Ukikuta uharibifu, usijaribu kuutengeneza wewe. Chora katika daftari yako utakavyo, na jina lako liandike hapo.

Tatu, wenyeji wapewe heshima na faida yao. Yule mzee aliyetuongoza hulinda pango kwa bakora na maneno matupu. Msafara wa shule hulipa basi, hulipa soda, na kwake huacha takataka. Wenyeji wakipata ujira wa haki kwa ulinzi wao, jiwe litaliwa, tena litaliwa bila kupungua.

Kijana yule sasa amemaliza shule. Kabla ya kuondoka alinijia ofisini, akaniletea daftari. Ndani yake alikuwa ameichora ile ngao kwa kalamu, kama alivyoikumbuka kabla ya kuipangusa, kipande kilichopotea na kilichobaki. Hakuandika jina lake. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Mwalimu, si yangu." Nikamwambia kwamba ni yake, maana aliyekubali kuitunza ni mrithi. Kisha nikamwomba tuketi, tuijibu pamoja barua ya kumwomba yule mzee radhi, ambayo hata siku ile nilikuwa sijaiandika.